Waliokaa Katikati ya Ubao

Meliame alikiri kabla hajaulizwa. Luseane alikuwa hajakaa sawasawa mkekani, mkoba wa vipimo ungali begani, na mwanamke yule kijana akasema, huku mikono ikiendelea kukunja nguo na kuzitia kapuni, kwamba ugonjwa kauleta yeye. Kautoa Queensland kwenye mashamba ya ndizi, kaukohoa ndani ya ndege, kaukohoa melini, akashuka nao hapa kisiwani Fangatoa na kuwagawia wanawake wa kijiji siku ile ile aliyofika. Leo mchana meli ikija atakwenda kwa wazazi wake Vava'u, watu wapumzike.

Luseane Moala alikuwa amefuatilia magonjwa katika visiwa vya Tonga tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi zote. Alishadanganywa na mashemasi, na wake wa mashemasi, na mara moja na daktari mzima. Wote hao walidanganya ili watoke ndani ya kisa. Mtu anayegombea kuingia hakuwahi kumwona, na jambo hilo lilimkera. Akauweka mkoba chini.

"Kikohozi chenyewe kilikuwaje?"

"Kibaya."

"Kikavu, au cha makohozi?"

"Cha makohozi. Mengi sana, dada."

"Na homa?"

"Kali. Nililala wiki nzima, hata kichwa sikuweza kuinua."

"Wiki nzima ndani ya ndege?"

Meliame akalikunja upya gauni ambalo alikwisha likunja. "Baada ya ndege."

"Baada ya ndege ulikuwa hapa hapa, mdogo wangu. Na kila mtu ninayemuuliza ananiambia ulishuka melini na gunia la zawadi begani, ukalipandisha mlima peke yako."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mwongo asiyezoea ni fupi zaidi. Kidudu ambacho maabara ilikikuta kooni mwa Temaleti, yule mama aliyepelekwa hospitali Lifuka na kuwekewa hewa ya mtungi, kinaitwa maikoplazma, na tabia zake Luseane alizijua. Kikohozi chake ni kikavu, king'ang'anizi, hakina makohozi ya kujisifia. Walio wengi hakiwaangushi kitandani. Huwaacha waende shamba, waende kanisani, wabebe wajukuu, wakisema ni kibaridi tu kitapita, na huko ndiko wanakokigawa.

Kutoka nyumba ya pili ikaja sauti ya mtoto mchanga akicheka. Mikono ya Meliame ikasimama.

Huyo alikuwa Fusi, binti yake, ambaye hajatimiza mwaka. Meliame alimwacha hata kukaa hajajua, akaenda na mumewe Saimone kuchuma ndizi ili wajenge nyumba. Aliporudi, akimtangulia mume, alimkuta mtoto anatambaa na hamjui. Kila akinyoosha mikono, Fusi alijificha shingoni kwa bibi yake Kalolaine, mama wa Saimone, aliyemlea. Ndiyo kwanza mtoto ameanza kukubali kushikwa na mama yake, Temaleti akaanguka, kisha wanawake wengine wakafuata, na wakubwa wa ukoo wakakata shauri. Mama aondoke na ugonjwa wake, mtoto abaki kwa bibi. Walisema kwa huruma, hakuna aliyepaza sauti, lakini walisema.

Luseane akamuuliza kama Saimone anajua. Meliame akajibu kwamba amemwambia anakwenda kuwasalimu wazee. Halafu akainamisha kichwa juu ya kapu, na Luseane akaona ni adabu kutoka nje.

Nje alikuwa akisubiriwa na Kaveinga, ofisa wa kijiji, mtu mnene mwenye mkeka wa heshima kiunoni na shauku kubwa ya kulifunga jambo hili kabla ya chakula cha mchana.

"Amekiri, au siyo? Basi, sista. Kazi imekwisha. Njoo ule."

"Mbona una haraka, mzee? Unaogopea kava yako?"

Kaveinga akacheka, lakini si sana. Siku mbili hizi Luseane alikuwa amelichunguza banda la kava, kinywaji cha mizizi, mahali ambapo wanaume hukaa duara na kunywea kifuu kimoja kinachozunguka kutoka kinywa hadi kinywa. Ndicho kitu cha kwanza alichokishuku, na kijiji kizima kilishikwa na wasiwasi kwamba atakipiga marufuku. Alimhoji kila mnywaji. Wote walikuwa wazima kama mapapai, isipokuwa mmoja, na huyo ni mume wa Temaleti. Banda lenyewe halina kuta, upepo wa bahari unapita humo mchana kutwa, na wanaume wameketi mbali mbali, wanaongea kidogo, wanasinzia sana.

"Kifuu hakina kosa," Luseane akamwambia. "Kidudu hiki kinasafiri kwa pumzi. Mtu akikohoa, akiimba, akizungumza karibu na uso wako, na mkakaa hivyo saa nyingi, siku baada ya siku, ndipo kinahama. Hakipendi upepo."

"Nilijua. Kava haijawahi kumsaliti mtu." Ofisa akashusha pumzi. "Kwa hiyo ni Meliame."

"Mzee, wewe unafuga kuku. Kuku akilalia yai, linaanguliwa baada ya muda gani?"

"Wiki tatu. Hata mtoto anajua."

"Na ugonjwa huu ni hivyo hivyo. Ukiingia mwilini unakaa kimya wiki mbili, mara nyingi tatu, ndipo mtu anaanza kukohoa. Meliame alifika Jumamosi. Temaleti alilala kitandani Jumanne. Nani amewahi kuweka yai Jumamosi akapata kifaranga Jumanne?"

Kaveinga akaangalia kuku wake waliokuwa wakichakura chini ya mpera, kana kwamba nao wanahusika. Akakubali, polepole, kwamba hakuna. Lakini mbona basi msichana mwenyewe amekiri, akauliza. Luseane akasema hilo ndilo linalomsumbua, na akamwomba mambo mawili. Kwanza, apande penye mnara wa simu karibu na kanisa aipigie simu maabara, kwa sababu siku ile ya kwanza alichukua ute wa koo la Meliame na la wagonjwa wote, na majibu yanapaswa kuwa tayari. Pili, awaite wanawake waje kwenye nyumba ya ngatu.

Kwa maana alikuwa amewapanga wagonjwa kichwani kwa nyumba zao na hakupata kitu. Mmoja anakaa huku, mwingine kule ng'ambo ya makaburi, mwingine karibu na gati. Ukoo si mmoja, kisima si kimoja, hata kanisa si moja. Kitu pekee kilichowakutanisha kilikuwa kazi. Tangu Pasaka walikuwa wakitengeneza ngatu kubwa, kitambaa cha magome cha kutandikwa siku Fusi atakapotimiza mwaka.

Wakaja, wale wazima. Nyumba ya ngatu ilikuwa ndefu, na katikati yake ulilala ule ubao mrefu wenye mgongo wa mviringo, ambao wanawake hukaa pande zake zote mbili, magoti kwa magoti, nyuso zikitazamana, wakibandika magome yaliyopondwa kwa gundi ya muhogo na kuyapaka rangi. Luseane alikua kando ya ubao kama ule, akilala miguuni pa bibi yake mwenyewe, na harufu ya rangi ilimpata moyoni kabla hajajikinga. Akawaambia wafanye kama siku zote, kila mtu mahali pake.

Mwanamke mmoja akaenda kufunga milango na madirisha ya upande wa bahari.

"Kwa nini unafunga?" Luseane akauliza.

"Upepo utayanyanyua magome, sista. Yanachanika. Siku zote tunafunga."

Wakakaa. Kwenye ubao wa ngatu mtu hahami. Ukipewa mwenzio wa kutazamana naye, huyo ni wako, na ukikosa siku moja kazi yake inapinda, kwa hiyo mtu mwenye kikohozi huja na kikohozi chake. Wanawake wazima wakaketi kwenye ncha mbili za ubao, wawili watatu huku karibu na mlango, wawili watatu kule mwisho. Katikati pakabaki mikeka mitupu, upande huu na upande ule. Kwenye mkeka wa Temaleti mtu alikuwa ameweka jiwe la kugandamizia kitambaa, ili mwingine asipakalie.

Katikati kabisa ya mikeka ile mitupu, mkabala na jiwe, alikaa Bibi Kalolaine peke yake, mgongo wima, Fusi amelala kwenye paja lake. Yeye ndiye mwimbishaji. Kazi ya ngatu haiendi bila wimbo, na wimbo hauendi bila yeye. Kwa mazoea tu akaanza ubeti, kwa sauti nyembamba iliyonyooka, akiitupia ng'ambo ya ubao kwa rafiki ambaye hayupo. Katika mstari wa pili sauti ikakatika. Akageukia mkono wa gauni lake, akakohoa mara mbili, kikavu, kidogo tu.

"Vumbi la magome," akasema. "Endeleeni."

Luseane hakufurahi hata kidogo. Kuna wapelelezi ambao hupiga paja wanapokiona walichokuwa wakikitafuta. Yeye alitamani awe ameona vibaya. Aliwashukuru wanawake, akawaruhusu, akabaki kumsaidia bibi kukunja kitambaa, na walipokuwa wakikunja akauliza maswali madogo madogo ya kawaida, kama mtu anayeulizia bei ya samaki. Bibi akamsimulia yote bila kujua anasimulia nini. Kabla ya Pasaka alikwenda mji mkuu, Nuku'alofa, kumzika dada yake. Nyumba ya msiba ilijaa, walilala kama magunia, watu walilia na kubusiana, pua kwa pua, na kila aliyeingia. Aliporudi akakaa, akakaa, halafu kikaja kikohozi kidogo, lakini hakikumzuia kitu. Mhudumu wa zahanati alimpa amoksilini na alizimeza zote, hakubakiza hata kidonge kimoja.

"Wanawake wa siku hizi wanaacha dawa njiani. Mimi nimemaliza, mwanangu. Nimepona zamani."

Kwa sababu alisema amepona, Luseane hakuwa amempima. Alilikumbuka hilo akijilaumu, akatoka kwenda kumtafuta Meliame.

Alimkuta gatini, amekalia kapu lake, meli ikiwa bado ni kitone mbali kule. Luseane akakaa kando yake juu ya saruji ya moto. Safari hii hakuuliza juu ya Queensland.

"Siku uliyofika, ulipoingia ndani, nani alikuwa anakohoa?"

Meliame akaitazama bahari.

"Nijibu, mdogo wangu," Luseane akasema.

"Usimwambie." Sauti ya Meliame ilikuwa ya chini sana. "Nakuomba, dada. Yeye na Temaleti wametazamana kwenye ule ubao tangu wasichana. Wameolewa mwaka mmoja. Akijua ni yeye aliyemfikisha Temaleti kwenye mtungi wa hewa, atakufa huku anatembea. Mimi kijana, mimi naweza kubeba. Watanisema mwaka mmoja, miwili, watasahau."

"Na Fusi?"

"Fusi anampenda bibi yake kuliko mimi. Hatapungukiwa kitu. Mama amepona, amekunywa dawa, kikohozi kimebaki kidogo tu. Mimi nitarudi Saimone akija."

Luseane akamshika mkono. Aliona aibu kwa alichokuwa anakwenda kukifanya, lakini kazi ni kazi. Akamweleza kwamba amoksilini huua vidudu kwa kuvunja ukuta wao. Kidudu hiki hakina ukuta. Dawa inakuja, inatafuta cha kuvunja, haioni, inapita. Na kikohozi kupungua si kupona. Mtu anaweza kuendelea kuwapa wengine kwa wiki nyingi, hata akiwa anaimba na kupika. Kwa ugonjwa huu kuna vidonge vya aina nyingine, anavyo ndani ya mkoba.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema. "Wewe hukuficha yako, umeficha ya mwenzio, ni yale yale. Umeubeba mzigo wa jina, ugonjwa wenyewe umeuacha nyumbani. Nilikisikiliza kifua cha mwanao jana, ni kizima, ana kamasi tu. Lakini leo usiku analala kifuani kwa nani?"

Meliame akainuka. Hakulichukua kapu. Alikuwa amefika nusu ya njia ya kupanda kijijini wakati Luseane bado anatafuta viatu vyake.

Bibi Kalolaine aliwapokea kibarazani, anamenya muhogo, Fusi akichezea maganda. Luseane alikuwa ameandaa maneno laini njiani na yote yakampotea. Akalisema tu, alivyoliona: msiba wa Nuku'alofa, wiki za ukimya, milango iliyofungwa, nafasi za katikati ya ubao. Meliame alipiga magoti na kulia waziwazi, akisema mama, si kweli, mama, ni mimi.

Bibi alikiweka kisu chini.

"Temaleti?"

"Amepata dawa yenyewe, bibi. Jana alikula. Hewa ya mtungi wameanza kumpunguzia."

"Na huyu," akamwelekeza kidevu Meliame, "alijua?"

"Alikusikia siku ya kwanza."

Bibi akamtazama mkwewe, na uso wake ukabadilika mara nyingi, kwanza hasira, halafu aibu, halafu kitu ambacho Luseane alilazimika kugeuka asikione. "Mpumbavu wewe," akasema kwa upole. "Nani alikufundisha kunipenda namna hii?" Halafu akajifunga mkeka wake wa heshima kiunoni, ule mzuri wa kanisani, akateremka gatini kwa miguu yake.

Watu walikuwa wamekusanyika kupokea mizigo, meli ikitupa kamba. Wakubwa wa ukoo walikuwepo, wanawake wa ubao walikuwepo. Kaveinga alikuwa akishuka mbio kutoka kanisani, simu mkononi, akihema, akitaka kutangaza kwamba maabara imejibu na koo la Meliame halina kitu, safi kabisa. Hakupata nafasi. Bibi Kalolaine alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kapu lile, akaliinua mwenyewe, akaliweka kichwani.

"Ni mimi," akasema. Hakupaza sauti, haikuhitajika. "Nimeutoa msibani, nimekuja nao, nimewaimbia nao usoni. Mkwe wangu hana ugonjwa. Anayetaka kumtoa mtu kisiwani anitoe mimi, lakini aje kwanza anipokee hili kapu, maana ni zito."

Kisha mwanamke aliyezoea kufunga madirisha akaenda akalipokea, akilia, na ofisa wa kijiji akaona ni vyema aangalie simu yake.

Luseane aligawa vidonge kibarazani, akiwaeleza wote: bibi atameza hivi hadi viishe, atalala chumba chake mwenyewe kwa muda, atakohoa kwenye kitambaa na kunawa mikono, ngatu itasimama, na ikianza tena madirisha yabaki wazi hata magome yapeperuke. Na mgonjwa yeyote asibusiane na mtu pua kwa pua mpaka Luseane atakaporuhusu. Bibi aliuliza kama hilo la mwisho linamhusu na mjukuu. Luseane akasema linamhusu kuliko wote.

Basi bibi akamnyanyua Fusi kutoka kwenye maganda ya muhogo, akimshika mbali na uso wake, mikono imenyooka, na kumpa Meliame. Mtoto akaguna, akajipinda, akamnyooshea bibi yake pua, kama alivyofundishwa tangu macho yake yanafunguka, akisubiri.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake Kalolaine kumnyima mtu pua yake. Alirudi nyuma hadi kwenye nguzo, mkono wa gauni mdomoni, machozi yakimtiririka.

"Si mimi, kipenzi," akasema. "Mpe mama yako."

Fusi alibaki na pua yake hewani, amechanganyikiwa, karibu kulia. Akamgeukia huyu mwanamke aliyemshika, akamwangalia kwa muda mrefu. Kisha akainamisha kichwa, akaibandika pua yake kwenye pua ya mama yake, na kuvuta pumzi.